Watoto 94 darasani na wote wanajibu: shughuli ninazotumia na jinsi ya kuziandaa

Walimu wenzangu, kila muhula wakija wanafunzi wa ualimu kufanya mazoezi kwetu huku Arua, Uganda, swali ni lile lile, eti mwalimu unafanyaje mpaka darasa lako halisinzii saa nane mchana baada ya posho (ugali) na maharage, na mimi kila nikianza kueleza kengele inalia. Basi leo nimekaa niandike yote, na yeyote mwenye darasa kubwa na shule isiyo na kitu achukue kinachomfaa.

Nafundisha P.5 (darasa la tano la msingi), hesabu na sayansi, shule ya serikali, mwaka huu nina watoto 94. Madawati yapo ila hayatoshi, benchi moja watoto watano. Nianze na kitu kilichonishtua. Muhula mmoja niliamua kuweka alama ya penseli kwenye rejista kila mtoto anapoongea darasani kwangu, yaani amejibu swali au ameuliza, wiki nzima bila kuruka siku. Ijumaa nikakaa nikahesabu. Watoto 11. Wengine wote walikuja shule siku tano, wakanakili ubaoni, wakarudi nyumbani, na mimi sikusikia sauti zao hata mara moja. Na wiki ile mimi nilijiona nimefundisha vizuri kwa sababu mikono ilikuwa inanyooshwa na majibu yalikuwa sahihi, kumbe ni wale wale wa mbele.

Toka siku hiyo shughuli yoyote nikiiona naiuliza swali moja tu: hapa watoto wangapi wanafikiri kwa wakati mmoja? Kama jibu ni mmoja anaenda ubaoni na 93 wanamtazama, hiyo naiacha hata kama inafurahisha.

KWANZA KELELE

Usianze shughuli yoyote kabla hujawafundisha kunyamaza, nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona walimu wazuri wanajaribu kazi ya grupu siku moja, darasa linalipuka kama stendi ya mabasi, hedimasta anachungulia dirishani, basi mwalimu anaapa harudii tena. Na wengine hapo ndipo mkono unaenda kwenye kiboko, na kiboko shuleni kimekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016, halafu mtoto anayeogopa kupigwa hawezi kukuambia kwamba hajaelewa.

Mimi natumia makofi. Napiga pa-pa, papapa, wao wanarudisha vile vile, halafu mikono yote inabaki hewani, na mikono ikiwa hewani mdomo unanyamaza wenyewe, sijui kwa nini lakini ndivyo ilivyo. Tulifanya mazoezi ya hiyo peke yake siku mbili, dakika tano tano, bila somo lolote ndani: ongeeni, makofi, kimya, ongeeni tena. Usiongee kabla ya kimya kamili. Ukianza kusema wakati watatu bado wanapiga stori, umewafundisha kwamba makofi si lazima kuyafuata.

Halafu viti. Usisogeze dawati hata moja, utapoteza dakika kumi kwenye lesoni ya dakika 40. Benchi la kwanza wanageuka kutazama benchi la pili, la tatu linageukia la nne, hivyo hivyo mpaka nyuma. Tayari una magrupu ya watoto kumi, na ndani yake majirani wawili wawili.

SEKUNDE TATU NA MKEBE

Hii haigharimu kitu na ndiyo iliyobadilisha darasa langu kuliko zote. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi walimu wakifundisha sayansi akapima mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Karibu sekunde moja! Halafu walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Jaribu kesho, uliza swali halafu hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Utaona kama umesubiri nusu saa. Vumilia.

Namna ninavyofanya: nauliza swali, hakuna kunyoosha mkono, sekunde tatu au tano za kimya kila mtu anafikiri, halafu nasema "mwambie jirani", dakika moja wanaelezana wawili wawili, makofi, halafu navuta jina kwenye mkebe. Mkebe ni kopo la maziwa ya unga tu, ndani vipande 94 vya boksi vyenye majina. Hakuna anayejua jina gani litatoka kwa hiyo wote wanajiandaa, na yule mwoga anapoitwa tayari ameshasema jibu lake kwa jirani, hajibu kutoka hewani. Akishindwa namwambia aseme jirani yake alisema nini. Hiyo pia ni kujibu.

Jina likitoka lirudishe ndani ya mkebe. Mwanzo nilikuwa naliweka pembeni, nikaona mtoto akishaitwa anajua amemaliza kazi kwa siku hiyo, anaanza kuchora mpira kwenye daftari.

Kuhusu lugha, P.4 ndipo tunapohamia kufundisha kwa Kiingereza, sa hao wa P.5 bado wanahangaika. Kwenye "mwambie jirani" mimi naruhusu lugha yoyote, Kilugbara, Kiswahili, Kiarabu cha Juba, maana lengo dakika ile ni kufikiri, Kiingereza kinakuja pale anaposimama kuliambia darasa na hapo tunamsaidia maneno. Wenzangu wengine hawakubaliani na mimi kwa hili. Ila mtoto hawezi kufikiria sehemu ya nusu kwa lugha ambayo hata kuomba maji bado hawezi.

VIBAO VYA MKONONI

Shule za pesa wana vibao vyeupe vidogo na kalamu za kufutika, sisi tunatengeneza vyetu. Tafuta maboksi magumu madukani (ya sabuni au ya mafuta ni mazuri), kata ukubwa wa daftari. Saga mkaa uwe laini kabisa, chekecha na kitambaa. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, ukiwa bado vuguvugu changanya na mkaa uwe kama rangi nzito, paka, acha ukauke, paka mara ya pili. Vikikauka vizuri unaandika na chaki. Kufuta ni kitambaa kikavu tu, ukilowesha gundi inaachia na boksi linavimba. Kuna walimu wanatumia ule weusi wa ndani ya betri za tochi, tafadhali msifanye hivyo, ile kitu ina kemikali na watoto wanashika halafu wanakula.

Mimi nina 47, kimoja kwa watoto wawili, vinakaa karibu muhula mzima kabla ya kuchakaa.

Kutumia: uliza swali lenye jibu fupi, wanaandika, nasema "onyesha", vibao vyote vinapanda juu pamoja. Kwa kutazama sekunde kumi najua darasa limeelewa au bado, sihitaji kusahihisha madaftari 94 usiku na taa ya sola ndipo nigundue kwamba somo lote lilipita hewani. Siku moja niliuliza 0.3 na 0.25 ipi kubwa, vibao vikapanda, zaidi ya nusu wameandika 0.25. Kwao 25 ni kubwa kuliko 3, basi. Ningeuliza mtoto mmoja wa mbele angejibu 0.3 na mimi ningeendelea na kuzidisha desimali juu ya msingi ambao haupo. Tukaacha yote, tukachora mraba wa vyumba 100 ubaoni, tukapaka 30, tukapaka 25.

TAFUTA KOSA

Hii nakaa nayo kidogo kwa sababu naipenda. Badala ya kuwapa hesabu wafanye, wape hesabu iliyokwisha kufanywa na ina kosa, wao watafute kosa liko wapi na waeleze huyu mtu alikuwa anafikiri nini. Kosa liwe lile wanalolifanya wenyewe, chukua kwenye madaftari yao, ila usitaje jina la mwenye kosa hata siku moja, sema tu kuna mtoto wa mji mwingine alifanya hivi.

Niliandika ubaoni:

3/4 + 1/2 = 4/6

Nikanyamaza. Wengi hawakuona shida, 3 na 1 ni 4, 4 na 2 ni 6, si ndiyo kujumlisha. Mwambie jirani, dakika mbili. Nilikuwa nasubiri mtu aseme habari ya kutafuta namba ya chini inayofanana, kama kitabu kinavyosema. Mkebe ukatoa jina la kijana mmoja wa nyuma ambaye nusu ya mwezi yuko shambani, akasimama akasema, mwalimu, robo tatu ni chapati imebaki kipande kimoja iishe, ukiongeza nusu chapati lazima ipite chapati moja, na hii nne kwa sita hata moja haijafika. Darasa likawa kimya. Halafu mwingine bila kuitwa akadakia, kwanza 4/6 ni ndogo kuliko 3/4, sasa tumeongeza halafu imepungua?

Tulichora chapati mbili ubaoni tukakata. Ni kweli, 3/4 ukiigawa vipande 12 ni 9, 4/6 ni 8. Ile lesoni sikufika mwisho wa mpango wangu na sijutii, kwa sababu wiki ya mtihani walikuwa wanajiuliza wenyewe "jibu limepita moja au halijapita" kabla ya kufunga swali.

Sayansi nayo inakubali. Andika aya fupi yenye makosa matatu, sema mbu dume ndiye anayeeneza malaria, sema mmea unakula udongo, waambie yako matatu, wayawinde. Ukiwaambia idadi wanatafuta kwa bidii zaidi.

SOKO

Wiki moja kabla, kila mtoto anapewa kazi ya kuja na bei za vitu vitatu kutoka sokoni au dukani kwao. Usibuni bei wewe, ukisema nyanya fungu ni 500 na wao wanajua sasa ni 1,000 wanakucheka na hesabu inakuwa ya uongo. Kata noti za manila, elfu moja, mbili, tano, kumi, ishirini, hamsini, na vizibo vya soda ni sarafu. Benchi moja wauzaji, benchi jingine wanunuzi, muuzaji anaandika daftari la mauzo: alinunua bei gani, ameuza bei gani, faida au hasara.

Angalia wanavyotoa chenji. Kuna binti mama yake anauza mukene (dagaa), kwenye daftari kutoa kwa kukopa kulikuwa kunamshinda kabisa. Mnunuzi akachukua vikombe vitatu vya 1,500 akampa noti ya elfu kumi. Hakuandika chochote. Akasema elfu nne mia tano, akaweka mia tano mkononi mwa mwenzake, "tano", akaweka elfu tano, "kumi", akageukia mteja mwingine. Hakutoa, alijumlisha kwenda mbele mpaka akafika kumi. Nikasimamisha soko zima nikamwomba arudie polepole, na hiyo ndiyo njia ya kutoa tunayotumia darasani mpaka leo kwa zile namba zenye masifuri mengi, 10,000 kutoa 4,500, ambazo kukopa kunawachanganya.

Mweso, ule mchezo wetu wa bao, pia msiusahau kwa hesabu. Mashimo 32, kete 64, mtaongeza na kugawanya mpaka jua lizame na unachimbwa chini bure. Kila mmoja ana mashimo 16 na kete 32, mwulize akiweka nne nne zitajaza mashimo mangapi.

KIVULI

Somo la jua na majira tunalifundisha kwa mchoro wa kitabu, wakati sisi Uganda tumekaa juu ya ikweta yenyewe, inapita Kayabwe barabara ya Masaka. Chomeka kijiti cha mita moja uwanjani, kinyooshe kwa uzi wenye jiwe. Kuanzia saa tano, kila robo saa watoto wawili wanatoka kuweka kokoto pale ncha ya kivuli ilipo, kupima na kurudi. Wengine wanaendelea na somo, haikuli muda.

Waulize kabla: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi? Wote watasema saa sita kamili, na walimu wengi pia. Haiwi hivyo. Kwetu Arua kinakuwa kifupi karibu na saa saba, na Februari hata inapita saa saba kidogo. Sababu yake ni hesabu nzuri ya P.5: saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ule unaopita Somalia, na sisi tuko karibu digrii 31. Tofauti ni 14, jua linatumia dakika 4 kwa kila digrii, 14 mara 4 ni dakika 56. Waache wahesabu wenyewe halafu watoke nje wakaone kokoto zinasema nini.

Rudia Februari, Machi na Juni, weka karatasi ukutani. Februari kivuli cha mchana kinalala upande wa kaskazini, Juni kinalala kusini karibu sentimita 37, na mwishoni mwa Machi kinakaribia kupotea kabisa chini ya kijiti. Waonye tu wasitazame jua kwa macho.

KILA MTU NA KIPANDE CHAKE

Mwaka 1971 kule Austin, Texas, watoto weupe, weusi na wale wa asili ya Mexico walianza kuchanganywa shule moja na wakawa wanapigana, basi mtaalamu wa saikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakabuni njia ya kugawa somo vipande, kila mtoto ana kipande kimoja ambacho wenzake hawana, bila yeye grupu halimalizi. Mimi nilipoisoma niliona darasa langu, maana nina Walugbara, Wakakwa, watoto waliokimbia kutoka Sudan Kusini na Kongo, na kwenye kazi ya grupu ya kawaida wanaojua Kiingereza wanashika kalamu, wengine wanatazama.

Mfano magonjwa. Grupu la wanne: mmoja malaria na mbu, wa pili malale na mbung'o, wa tatu kichocho na konokono wa maji, wa nne kipindupindu na maji machafu. Kwangu ni magrupu 23, watoto wawili wanaobaki wanaingia kwa wengine na kushirikiana kipande. Kwanza wenye kipande kimoja wanakutana, sisi tunatokaga nje chini ya miembe, malaria huku, kichocho kule, lakini usiwaache 23 kwenye duara moja, wakate sita sita. Dakika 15 wanasoma na kukubaliana mambo manne tu, nini kinasababisha, kinaingiaje mwilini, dalili, kujikinga. Halafu wanarudi kwenye magrupu yao kila mmoja anafundisha wenzake dakika tatu. Mwisho maswali manne na kila mtoto anajibu peke yake, hapo ndipo wanaposikilizana kwa kweli, kwa sababu majibu ya kichocho yako kwa mtu mmoja tu. Nina msichana aliyekuja katikati ya muhula, hakuongea wiki tatu. Alipewa kichocho. Niliwakuta wenzake watatu wamemwinamia, mmoja anamtafsiria, wanamwuliza konokono anaingia wapi mwilini, na yeye anatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, konokono anabaki majini, anatoa vijidudu, vijidudu ndivyo vinapita kwenye ngozi.

Inataka lesoni mbili zinazofuatana. Usijaribu kuibana kwenye moja.

NA SILABASI JE

Najua mnachosema, PLE, mtihani wa kumaliza msingi, iko mlangoni, shughuli hizi zinakula muda. Soko na vile vipande ni kweli, mimi nafanya mara mbili tatu kwa muhula. Lakini sekunde tatu, mkebe, vibao, kosa, hizo zinaingia ndani ya somo lile lile ulilopanga. Na hawa watoto wakifika S.1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) wanakutana na mtaala ulioanza 2020 ambao unadai miradi na kujieleza, kazi za darasani zina asilimia 20 ya alama za UCE (mtihani wa mwisho wa S.4), hawawezi kuanza kujifunza kufungua mdomo huko.

Kwa ajili ya kukumbuka, kila asubuhi maswali matatu bila daftari, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, wanajibu kwenye vibao. Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba wanaorudia kusoma wanakumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima ndio wanaoongoza. Sisi mtihani wetu hauji baada ya dakika tano.

Kitu kimoja nilichokiacha ni mashindano ya kasi, wa kwanza kumaliza anapata peremende. Washindi walikuwa wale wale 11.

Ukitaka kuanza, wiki ya kwanza ni makofi na geuza benchi tu, ya pili ongeza sekunde tatu na mkebe, majina waandike wenyewe kwenye vipande vya boksi. Vibao vipikwe Ijumaa mchana na watoto wenyewe, muhogo kila mmoja alete ngumi moja ya unga, vianikwe chumba kisichovuja mpaka Jumatatu, na mwambie askari wa shule mapema kwamba mbuzi wasiingie, ule uji wanaulamba pamoja na boksi.